Usimfuate Bado

Kiegei, Nachingwea
22 Septemba 2025

Kwako Ndugu Nkwabi Mayunga,

Kosa la watu wengi wanaotazama mbio ndefu ni kumtazama aliye mbele. Wanamkodolea macho tangu bastola inapolia, wanamvika ubingwa njiani, halafu mwisho wanashangaa aliyeshinda katokea wapi. Nakuandikia kwa sababu kosa hilo ulilifanya wewe pale mgahawani kwa Sabaha, mbele ya kikombe changu cha chai, na sikupata nafasi ya kukujibu sawasawa.

Pengine umenisahau. Mimi ndiye yule mzee wa kanzu ya kahawia aliyekaa chini ya televisheni siku walipoirudia marathoni ya Tokyo, ile aliyoshinda kijana wetu. Watu walikuwa wanapiga kelele, mimi naona midomo tu inafunguka na kufumba. Masikio yangu yamekufa. La kulia lilikwenda zamani, la kushoto limelifuata mwaka juzi. Mgahawani wamenizoea, hunipa chai na kuniacha na picha. Wewe uliuliza kitu, nikakuonyesha sikio. Wengine huishia hapo, hutikisa kichwa na kugeukia pengine. Wewe ulichana karatasi ya maandazi, ukaazima kalamu kwa Sabaha, ukaandika: "Mzee, huyu Mjerumani kaonewa. Kakimbia mbele kama mwanaume." Nikakujibu nyuma yake. Tukaendelea hivyo, karatasi baada ya karatasi, zote zina mafuta, mpaka gari lako la Ruangwa likapiga honi, nadhani, maana niliona umeruka.

Sasa nisikilize. Anayekimbia mbele anafanya kazi mbili: anakimbia, tena anapasua upepo. Aliye mgongoni mwake anafanya moja. Na aliye mbele hana wa kumtazama. Hajui mwenzake amechoka kiasi gani, anasikia vishindo tu. Aliye nyuma anaona kila kitu, bega lililopanda, shingo iliyokaza, mguu ulioanza kuburuta. Kijana wetu alikaa nyuma akausoma mgongo wa Mjerumani kama mtoto anavyosoma ubao, na kwenye hatua za mwisho kabisa akatoka. Muda wao ukaandikwa sawa, picha ndiyo ikaamua. Siku moja kabla, kwenye mita elfu kumi, yule Mfaransa naye alitokea nyuma hivyo hivyo. Hiyo si bahati. Nilifundisha jiografia na michezo mpaka nikastaafu, na watoto wote niliwaambia neno hilo moja: kaa nyuma, tazama, ngoja.

Nyumba yangu ni kimya siku hizi, kimya cha masikio na kimya cha watu. Mwanawetu, mke wangu, ametangulia tangu mwezi wa tano. Yeye ndiye alikuwa masikio yangu. Redio ikitangaza mbio alipanga korosho juu ya mkeka, hii Mkenya, hii Muhabeshi, hii ya kwetu, akawa anazisogeza kwa kidole kadiri mtangazaji anavyosema. Nikibisha, ananipiga kofi la mkono, kwamba hapo ndipo ilipo, mimi nimesikia na wewe hukusikia. Sasa redio ipo na korosho zipo.

Usinipigie simu, haitanisaidia, na ujumbe wa simu haubebi hoja. Andika. Mpe kondakta wa gari la Nachingwea, amwachie Sabaha.

Ni mimi,
Mwalimu Abubakary Shaibu

*

Likunja, Ruangwa
3 Oktoba 2025

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Barua imefika ikinuka dagaa, nadhani kondakta aliiweka kwenye ndoo ya mtu. Jirani yangu Mzee Ausi aliponiona naisoma akaniuliza, "Umeshtakiwa?" Huku karatasi ikija kwa mfugaji watu wanajua ni kesi. Nikamwambia nimeshtakiwa kweli, kwa kosa la kumtetea Mjerumani.

Mwalimu, wewe umefundisha watoto, mimi nimechunga ng'ombe. Kundi haliendi bila ng'ombe wa mbele. Yeye ndiye anajua maji yaliko, hao wa nyuma wanakula vumbi na kufuata mkia. Kama Mjerumani asingevuta, kijana wetu angefuata nini? Ushindi kapewa na aliyemtangulia. Nilifurahi, niliruka mpaka nikamwaga uji wa mtu, lakini haki ya Mjerumani iko palepale. Na huyo Mfaransa wako usimlete. Siku ile wote walikataa kutangulia, wakawa wanatembea kama wanapeleka mahari. Mbio gani hizo?

Mimi mwenyewe nilikimbia shuleni Meatu, mita elfu tano, peku. Niliongoza mpaka mzunguko wa mwisho. Usiniulize mzunguko wa mwisho.

Pole sana kwa Mama kutangulia. Hali hiyo naijua. Hata mimi Suzana wangu ametangulia wiki iliyopita. Tulijua muda mrefu kwamba siku hiyo inakuja, lakini kujua hakupunguzi kitu. Aliondoka asubuhi, kimya, hakugombana na mtu. Jioni napika ugali wa watu wanne kwa mazoea, halafu nakaa nautazama.

Kijana wako,
Nkwabi Mayunga

*

Likunja, Ruangwa
6 Oktoba 2025

Mama Deus,

Mfugaji mwenzetu Shida anakuja huko Liwale na ndama zake, nimempa barua hii maana simu yako kila nikipiga naambiwa haipatikani. Mmefika salama? Ng'ombe wamevuka wote? Lucia ameacha kukohoa? Deus asimpige yule dume jeupe, mwambie nimesema, ana kisasi.

Hapa wenyeji wanashukuru kwamba ng'ombe wametoka kabla ya watu kupanda kama tulivyokubaliana. Mzee Ausi kaniletea mihogo, kasema ninyi Wasukuma kumbe mna ahadi. Nikamwambia ninyi watu wa korosho kumbe mna mihogo.

Nitakuja, nilisema wiki chache na wiki chache ndizo hizo. Ila nikuambie ukweli, Suzana. Nikiitazama nyumba hii ya matofali ya kuchoma nasikia uzito. Meatu, Ifakara, Likunja, sasa Liwale. Kila mahali najenga, kila mahali nafunga mlango.

Nimepata rafiki wa barua, mwalimu mzee wa Kiegei, kiziwi, anajua mbio kuliko watangazaji. Naye mkewe ametangulia kama wewe, bila shaka ameenda kwa watoto wao Dar. Tunafarijiana, wanaume wawili tulioachwa nyuma.

Baba Deus

*

Kiegei, Nachingwea
15 Oktoba 2025

Ndugu yangu Nkwabi,

Nimeisoma barua yako nikaiweka chini, nikatoka nje, nikarudi nikaisoma tena. Kijana, una jambo zito namna hiyo halafu unaanza na Mjerumani! Lakini nakuelewa. Mwezi ule wa tano watu walikuja kunipa pole, mimi nikawa nawauliza habari za mvua.

Mwenyezi Mungu akupe subira. Sitakuuliza ilikuwaje, mtu husema mwenyewe siku akiweza. Nakuletea ubani kidogo, upokee kwa kondakta. Nimemtaja Suzana kwenye dua baada ya alasiri, pamoja na Mwanawetu. Sikujali kwamba mmoja ni wa msikitini na mwingine wa kanisani. Huko waliko nadhani hawaulizani.

Nikueleze jambo, kwa kuwa nimekutangulia kwa miezi michache katika njia hii. Upweke una kilomita zake. Mwanzoni watu wamejaa pembeni ya barabara, wanakuletea chakula, wanakuita kwa jina. Hapo hata goigoi anakimbia. Kisha unaingia katikati. Hakuna mtu, barabara imenyooka, ulikotoka huoni na unakokwenda huoni. Watu wengi huachia hapo. Hapo ndipo nilipo mimi, na wewe utafika. Ukifika ujue ni mahali panapojulikana, wengine wamepita.

Ugali wa watu wanne usiutupe. Uchome asubuhi, unywee chai. Na unga upime kwa kikombe, si kwa mkono, maana mkono hausahau haraka.

Kuhusu ng'ombe wa mbele, hoja yako ni nzuri. Naomba muda niijibu.

Abubakary Shaibu

*

Likunja, Ruangwa
27 Oktoba 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Korosho nimezipata, tamu, nimezila zote siku moja kama mtoto. Ila ubani sikuuona. Nimeukung'uta mfuko, hakuna. Nadhani yule kondakta kaunyofoa njiani, nimemwambia mbele ya abiria kwamba ana laana, akaapa hajaona ubani wala udi. Usijali lakini, mbu bado si wengi.

Asante kwa kumwombea Suzana. Anahitaji, kule aliko ni ugenini.

Maneno yako ya kilomita za katikati yamenikaa. Nilidhani mimi peke yangu ndiye mjinga ninayeongea na mbwa. Sasa hata mbwa hataki kula, analala mlangoni akitazama njia. Mwalimu, nakuambia wewe tu, wengine watanicheka. Nimechoka kuwa nusu. Sioni kinachonibakiza huku. Nafikiri nimfuate tu. Halafu asubuhi nikiamka naiona nyumba, naona jembe, moyo unarudi. Ausi anasema ngoja. Mbwa anasema nenda. Wewe unayejua mbio unasemaje? Niko mstarini, sijui nitoke au nikae.

Mama umsalimie.

Nkwabi

*

Kiegei, Nachingwea
2 Novemba 2025

Nkwabi,

Usimfuate.

Sikungoja gari. Barua hii nimempa mwendesha bodaboda aipeleke mwenyewe mpaka mkononi mwako, na nimemwambia asiondoke mpaka akuone unasoma. Soma polepole.

Usimfuate bado. Najua hamu hiyo, usidhani nakuhubiria nikiwa kivulini. Mwezi wa sita nilikuwa nayo mimi, imekaa kifuani kama mgeni asiyeaga. Kila kitu kilinionyesha mlango. Sikwenda, na sababu yangu ni ndogo, utaicheka: nilijiambia kwamba mwezi wa tisa kuna mashindano ya dunia, acha niyaone kwanza. Mtu hubakizwa na kitu kidogo. Baada ya hapo nikakupata wewe na karatasi ya maandazi.

Nilikuambia kwamba aliye nyuma hajashindwa. Kazi yake ni moja, kubaki kwenye mbio. Weka hatua fupi. Usitazame umbali uliobaki, tazama nguzo inayofuata, ukiipita tazama nyingine. Sote tutawafuata waliotutangulia, hilo halina ubishi, ila kwa siku iliyopangwa, si kwa miguu yetu wenyewe. Una watoto. Una nyumba. Mvua ziko njiani, shika jembe upande. Na una mimi, kama mimi ni kitu.

Salamu zako kwa Mwanawetu nilizifikisha. Nilisimama nikamwambia: Nkwabi wa Likunja anakusalimu.

Niahidi kwa maandishi kwamba utabaki. Mwendesha bodaboda anangoja.

Abubakary

*

Likunja, 2 Novemba

Mwalimu, shikamoo. Huyu bwana ananikodolea macho kama polisi. Naahidi nitabaki. Wewe ndiye mtu wa mbinu, mimi nilishindwa mzunguko wa mwisho kwa haraka zangu. Kesho nashika jembe.

Nkwabi

*

Liwale
23 Novemba 2025

Baba Deus,

Hujambo. Barua zako mbili Shida kaniletea siku moja, maana safari yake iliahirishwa mpaka juzi. Ya kwanza imenifurahisha. Ya pili nimedhani kaandika mtu mwingine. "Mwalimu kanishauri nibaki nyuma kwanza, ni mbinu, na hata siku ya kukufuata kasema nisije kwa miguu." Nani alikuambia uje kwa miguu? Mabasi yameisha? Na mbinu ya nini, tuko mashindanoni?

Wewe mtoto wa Mayunga umesahau nani analiwa na fisi? Ng'ombe wa mbele haliwi. Wa katikati haliwi. Anayebaki nyuma ndiye.

Mvua imeanza. Boma tumelijenga mimi na Deus, miiba imetuchana mikono. Nyasi zinafika kiunoni, ng'ombe wanazaa, maziwa mengine tunamwaga. Mwanzoni wenyeji walikuwa wakiniuliza mume yuko wapi, nasema anakuja. Sasa wameacha kuuliza, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Wanasema mto wa huku ukishajaa, gari halivuki mpaka mwezi wa tano. Sikutishi, nakueleza. Usipovuka kabla haujajaa, nitajua nimeachwa, na nitawaambia watoto hivyo hivyo, sitawadanganya.

Lucia ameacha kukohoa.

Niambie barua za huyo mwalimu zinapitia wapi.

Suzana

*

Likunja, Ruangwa
30 Novemba 2025

Mama Deus,

Usikasirike. Hujaachwa. Nimepanda mahindi nyuma ya nyumba na yameota, ndiyo kitu cha kwanza nimeona kinaota peke yake bila kukanyagwa. Mwalimu ni mtu mzima, ameona mengi, na yeye mwenyewe hajamfuata mkewe miezi yote hii. Mtu wa namna hiyo hakushauri bure. Kaniandikia kwa bodaboda, Suzana! Hakuna aliyewahi kunitumia bodaboda.

Barua zake hupitia kwa Sabaha, mgahawani Nachingwea. Usimwandikie maneno makali, ana moyo mwepesi.

Baba Deus

*

Liwale
7 Desemba 2025

Mwalimu Abubakary,

Shikamoo baba. Hunijui. Mimi ni Suzana, mke wa Nkwabi Mayunga, yule unayemwandikia habari za mbio. Nimekaa juu ya gogo, ng'ombe wanakunywa, nikaona nikuandikie mwenyewe, maana mume wangu siku hizi akiandika ni kama nakusoma wewe.

Mimi ndiye niliyetangulia. Nilikuja huku na ng'ombe na watoto mwezi wa tisa, tukapatana Nkwabi anifuate baada ya wiki chache. Sasa anasema umemkataza. Nimekukosea nini, baba yangu? Kama ni utani wa watu wa korosho kwa watu wa ng'ombe, huu umepita kiasi.

Anasema hata wewe Mama ametangulia Dar tangu mwezi wa tano, na hujamfuata. Nisamehe, kwa umri mimi ni mwanao, lakini ngoja nikuambie kitu ambacho pengine wanaume hamkijui. Mwanamke aliyetangulia hutandika kitanda cha watu wawili kila siku. Hata kama amekasirika, hutandika. Mama Mwanawetu anakutazamia njiani kama mimi ninavyomtazamia huyu. Mfuate mkeo, baba, na wangu mwache anifuate.

Namtumia Mama samli, ni ya maziwa ya huku. Mwekee mpaka arudi, au umpelekee.

Maji ya mto yamefika magotini.

Suzana Nkwabi

*

Kiegei, Nachingwea
19 Desemba 2025

Nkwabi mwanangu,

Leo nimeandikiwa na mtu niliyemzika.

Barua ya Suzana imekuja na chupa ya samli. Nilianza na jina lililo mwishoni mwa barua, nikavua miwani nikaifuta, nikaivaa, jina likawa lilelile. Tangu Oktoba namwombea rehema mwanamke anayenywesha ng'ombe Liwale. Nilicheka peke yangu. Sauti sikuisikia, lakini mbuzi wa jirani walikimbia. Kisha nikaifikia ile habari ya kitanda, sikucheka tena.

Nimezitandaza barua zako zote kwenye mkeka, kama Mwanawetu alivyokuwa akitandaza korosho, nimezisoma kwa mpangilio nikitafuta mahali tulipopoteana. Nimepapata. Ni neno moja. Kwenu ninyi mnaohama, kutangulia ni kwenda mbele na ng'ombe na sufuria, na aliyebaki hufunga mlango akafuata. Kwetu sisi tuliokaa hapa vizazi na vizazi, mtu akitangulia ameshafika. Niliposema Mwanawetu ametangulia, nilisema amekufa. Ningeweza kuandika hivyo. Mwalimu mzima, niliyewakata watoto alama kwa kutumia neno lenye maana mbili, nimejificha nyuma ya neno lenye maana mbili. Neno "marehemu" sijapata kuliandika mbele ya jina lake mpaka leo. Marehemu Mwanawetu. Basi, nimeliandika, na kalamu haikuvunjika.

Hayuko Dar. Yuko hapa nyuma, karibu na mikorosho ya mwisho. Salamu zako nilizifikisha hapo.

Nawe uliposema Suzana ametangulia, nikakuvika ugane wangu bila kukupima. Uliposema unataka kumfuata, niliona mtu anakwenda kujitoa roho, nikakukamata kwa nguvu zote zilizonibakia. Soma tena barua ile ya bodaboda, utaona nilikuwa najikamata na mimi.

Na ubani hakuiba mtu. Huku kwetu ubani ni mkono wa pole kwa mfiwa, hata ukiwa unga au sukari. Zile korosho ulizozila siku moja ndizo zilikuwa ubani. Mwombe radhi yule kondakta, mbele ya abiria kama ulivyomtukana.

Nimebakiza jambo ambalo ni gumu kidogo. Ulipoahidi kubaki nilifurahi kuliko ilivyonipasa. Haikuwa kwa ajili yako peke yake. Nilifurahi kwamba gari la Ruangwa likija huenda lina karatasi yangu. Na leo, baada ya kumaliza kusoma barua ya Suzana, nilikaa na chupa ya samli mapajani nikafikiri: nisipojibu je? Mto utajaa wenyewe. Hakuna atakayenilaumu, mimi ni mzee kiziwi, barua hupotea. Nilikaa hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye kinu. Nakuambia ili usinihesabu kuwa mwema kuliko nilivyo.

Sasa nakujibu hoja ya ng'ombe wa mbele, nilikuomba muda na muda umekwisha. Nilisema aliye nyuma anaona kila kitu. Hapana. Anaona mgongo. Kijana wetu angebaki mgongoni mwa Mjerumani mpaka mstarini, angepata medali ya fedha, na mbinu yake ingesifiwa na wazee kama mimi. Kukaa nyuma si mbinu. Mbinu ni kutoka. Kukaa nyuma ni kungojea kutoka, na asiyetoka hakuwa na mbinu, alikuwa na woga uliopangwa vizuri. Watoto wangu wote niliwaambia kaa, tazama, ngoja. Nilisahau neno la nne. Ulikuwa sahihi kuhusu Mjerumani: bila yeye hakuna wa kumfuata. Nakupa ushindi, na nimeuandika, unaweza kumwonyesha Ausi.

Aliyenitangulia mimi hafikiwi kwa gari. Wako yuko ng'ambo ya mto, na tarehe saba mto ulikuwa magotini. Leo sijui uko wapi.

Mahindi mwachie Ausi. Nyumba funga, au mwachie na nyumba, utajua mwenyewe. Zote ulizojenga zimesimama, ni wewe tu usiyesimama. Mbwa mchukue. Ukishuka Nachingwea utaliona gari la Kiegei limeegeshwa ng'ambo, na najua moyo wako, utafikiri upite kunipa pole. Usipite. Pole nimeipata kwa Suzana, ingawa hakujua anaitoa. Kwa Sabaha kuna mfuko wa korosho, mpelekee mkeo, umwambie huu si ubani.

Samli nimeionja kwa kidole. Iliyobaki naitunza.

Jioni nitapanga mkekani korosho mbili. Moja Suzana, imetulia. Moja wewe, nitaisogeza kidogo kila siku. Najua mto ukijaa barua hazitavuka, na sitajua umefika wapi mpaka mwezi wa tano. Nitaisogeza hivyo hivyo.

Ni mimi,
Abubakary Shaibu

Barua hii ikikukuta shambani, weka jembe chini. Panda gari la Liwale leo.